Mhuni: Historia ya Neno na Hukumu Yake

Katika maneno ya Kiswahili yatumikayo kumlaumu mtu, ni machache yaliyobeba historia nzito kama neno mhuni. Leo latajwa kwa kijana mkorofi, kwa mlevi, kwa mwizi wa mifukoni, na hata kwa mtoto mtundu. Lakini zamani maana yake ilikuwa nyembamba zaidi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, yamtaja mhuni kuwa mtu azururaye, asiye na makao. Neno hilo limepata pia kutumika kwa mtu asiyeoa. Maana hizi mbili zina shina moja: mhuni ni mtu asiyefungwa na nyumba. Kosa lake si kwamba ameiba au amepiga, bali kwamba hapana mzee wala jamaa awezaye kujibu kwa ajili yake. Hii ndiyo lawama iliyomo katika methali isemayo, “Mwacha mila ni mtumwa.”

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1895 Émile Durkheim wa Ufaransa alieleza kuwa hapana jamii isiyo na makosa. Hata watu wote wangalikuwa watawa, makosa madogo yasiyoonekana kwetu yangalihesabiwa kwao kuwa dhambi kubwa. Baadaye, mwaka 1963, Howard Becker wa Marekani alisema kuwa upotofu haumo katika tendo peke yake. Jamii huweka kanuni, kisha huwapa jina wale inaowahesabu kuwa wameivunja; na mpotofu ni yule ambaye jina hilo limemshika. Basi, mtu akitaka kuijua historia ya upotofu, haitoshi kuuliza fulani alitenda nini. Yampasa kuuliza pia nani aliyempa jina, na kwa mamlaka gani.

Mji wa Dar es Salaam watoa mfano ulio wazi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha wakazi 69,227. Ile ya mwaka 1957 ilionyesha 128,742. Vijana waliingia kutoka bara na pwani wakitafuta kazi, wala kazi hazikuwatosha. Waliokosa walikaa kwa ndugu zao, wakafanya vibarua bandarini au wakatembeza bidhaa ndogo ndogo. Kwa jamaa zao, vijana hao walikuwa wageni wa kulishwa na kuvumiliwa mpaka wapate riziki. Kwa Serikali ya Kiingereza walikuwa hatari, na jina la kuwaitia lilikuwa tayari: wahuni.

Hapo ndipo neno lilipobadilika. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, nayo ikawapa watawala uwezo wa kumrudisha kwao mtu asiye na kazi ya kudumu wala njia ya halali ya kujipatia riziki. Tangu hapo uhuni haukupimwa tena kwa mwenendo wa mtu mbele ya wazee wake, bali kwa karatasi zilizomo mfukoni mwake. Askari aliyefanya msako hakuwa na haja ya kujua kama kijana huyo ni mkweli au mwongo, mpole au mgomvi. Alitaka stakabadhi ya kodi na ushahidi wa kazi. Lawama iliyokuwa ya nyumbani ikawa jambo la ofisi.

Wala fikira hiyo haikuzaliwa Tanganyika. Mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, Uingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji, wakati askari wengi waliorudi hawakuwa na kazi wala makazi. Maneno ya sheria hiyo yalivuka bahari na kuingia katika sheria za jinai za makoloni, pamoja na ile ya Tanganyika ya mwaka 1930. Kwa hiyo hofu ya Waingereza juu ya maskini wao wenyewe iliwaangukia vijana wa Kariakoo na Ilala, ambao hawakuwahi kusikia habari za Napoleon.

Jina likimshika mtu, halimwachi bure. Edwin Lemert, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alipambanua kosa la kwanza, ambalo huenda likapita na kusahauliwa, na kosa la pili, litokalo kwa mtu aliyekwisha kuhesabiwa mkosaji naye akaikubali hesabu hiyo. Ndivyo ilivyo kwa neno letu: siku hizi wako vijana wajiitao wahuni kwa majivuno, wakiwa na maana ya werevu na ujasiri. Kadhalika, Clifford Shaw na Henry McKay walionyesha mwaka 1942 kuwa katika mji wa Chicago mitaa ile ile ilidumu kuwa na makosa mengi ya vijana, ingawa wakazi wake walibadilika, taifa baada ya taifa. Asili ya makosa, basi, yafaa itafutwe katika hali ya mtaa, si katika damu ya watu wake.

Mtu angetazamia kwamba uhuru wa mwaka 1961 ungelirudisha neno hili nyumbani. Haikuwa hivyo. Taifa jipya liliheshimu kazi kuliko yote, na asiyefanya kazi alionekana kuwanyonya wenziwe. Katika miaka ya 1970 watu wasio na kazi walihamishiwa vijijini, kama Gezaulole karibu na Dar es Salaam, na mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi. Nia ya watawala ilikuwa nyingine: mkoloni alitaka mji usio na wasumbufu, na taifa lilitaka mashamba yenye watu. Lakini kwa yule aliyekamatwa barabarani, swali aliloulizwa lilikuwa lile lile la mwaka 1944.

Haisemwi hapa kwamba uovu wote ni majina matupu. Aliyeibiwa ameibiwa, na aliyejeruhiwa ana kidonda. Kinachosemwa ni kwamba neno moja limewafunika pamoja mwenye kutenda uovu na mwenye kukosa kazi, na kwamba mchanganyo huo umewagharimu watu wengi uhuru wao. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kuwa sheria za uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake.

Maoni hayo yawahusu pia watunga kamusi. Afasiriye mhuni kuwa “mtu mbaya” bila kueleza maana hiyo ilitoka wapi, na lini, atoa hukumu badala ya fasili. Lapasa neno hili liandikwe kwa maana zake zote, kila moja na wakati wake: asiye na makao, asiyeoa, asiye na karatasi, na mtenda maovu. Hapo msomaji ataona kwamba ni maana ya mwisho tu iliyostahili kumfikisha mtu mbele ya hakimu.