Kanuni Zikae Nje ya Injini

Wasee, Aprili 2020 wengi mnaikumbuka kwa korona. Mimi naikumbuka kwa namba moja: 14. Serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Nilikuwa nimemtengenezea mjomba programu ya risiti za duka lake la vifaa vya ujenzi, na hiyo 16 nilikuwa nimeiandika kila kona. Nikakesha nikiitafuta. Januari 1, 2021 ikarudi 16. Nikakesha tena.

Mjomba akaniuliza, "Kijana, si ungeiweka mahali pamoja tu?" Aki nilinyamaza.

Kumbe hilo swali lilipata jibu kitambo. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza MYCIN, programu ya kushauri madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria na dawa za kuyatibu. Ilikuwa na mamia ya kanuni, zote zimeandikwa kando: kama mgonjwa ana hiki na kile, basi shuku bakteria fulani. Injini ilikuwa kitu tofauti. Kazi yake ni kuzisoma na kuzifuata, basi.

Halafu William van Melle akaondoa kanuni za udaktari, akabakisha injini tupu. Ikaitwa EMYCIN. Ikachomekwa kanuni za vipimo vya mapafu, ikazaliwa PUFF. Ni kama jiko la gesi: leo chapati, kesho ugali, na hakuna anayevunja jiko.

Si ati hiyo njia haina shida. XCON, mfumo wa kampuni ya Digital wa kupanga oda za kompyuta, ulifikisha maelfu ya kanuni, na kuzitunza ikawa kibarua.

Lakini kilichonigusa ni hiki: MYCIN ungeweza kuiuliza "kwa nini?" nayo ikakuonyesha kanuni inayoifuata. Leo unaomba mkopo au basari, ombi linapita hatua kwa hatua, mwisho unaambiwa "hujafaulu." Nani aliamua? Kwa kanuni gani? Imefichwa ndani ya programu, hata anayekuhudumia haijui.

Kwangu, kutoa kanuni nje si kumpunguzia tu developa usingizi uliopotea. Kanuni inayoonekana inaweza kusomwa, kubishiwa na kubadilishwa. Iliyofichwa inatutawala kimyakimya.

Sasa wewe unayejenga mfumo: mtu akiuuliza kwa nini, utamjibu?