Mafundi wa Chokaa wa Mji Mkongwe

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, hatuna budi kuwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, nao ndio walioigeuza fedha ya karafuu kuwa majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja. Walichoma matumbawe juu ya magogo ya minazi wakapata chokaa. Wakaimwagia maji, kisha wakaiacha miezi kadhaa iive. Upana wa chumba waliuachia boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haizidi mita 3. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba.

Saruji hukauka upesi, na wengi wetu (tusifichane) tumeipenda. Lakini ukuta wa chokaa hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani, na ncha za boriti huoza pasipo mtu kuona.

Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka katikati ya matengenezo, wakafa watu wawili. Enyi wanachama mnaowajua wazee wachoma chokaa vijijini mwenu, wapelekeeni vijana kabla wazee hao hawajatutoka.