Mwalimu asiyeshika fimbo

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria, padri kijana alikuwa anavaa mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mjini Torino, nchi ya Italia. Mtunza sakristia alimwona mvulana mmoja amesimama pale, akamwambia atumikie Misa. Mvulana akajibu kwamba hajui. Basi yule mtu akakasirika, akashika mpini wa ufagio wa manyoya, akamchapa, akamfukuza. Padri akaamuru aitwe arudi, kwa sababu, alisema, huyo ni rafiki yake. Baada ya Misa akaanza kumfundisha dini. Mvulana aliitwa Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, fundi wa kujenga. Padri ni Yohane Bosco.

Mnajua ya kuwa yeye mwenyewe hakuzaliwa mpole. Amesimulia ndoto yake ya miaka tisa: aliona watoto wakitukana Mungu, akawarukia kwa ngumi, mtu mmoja akamzuia, akamwambia atawapata kwa upole, si kwa mapigo. Tena, alipokuwa padri, Padri Giuseppe Cafasso alimpeleka katika magereza ya Torino. Huko aliona vijana wa miaka 12 mpaka 18. Wengi wao walikuwa wametoka, wakarudi tena. Adhabu ilikuwa imewashika mara nyingi, lakini haikuwatengeneza.

Mwaka 1877 aliandika kurasa chache juu ya malezi. Ndani yake alikataza kabisa kupiga kwa namna yoyote, kupigisha magoti kwa kuumiza, kuvuta masikio. Sababu zake ni za mtu wa kazi: sheria ya nchi inakataza, mtoto anaingiwa na uchungu, na mlezi mwenyewe anajishusha. Wala tusidhani aliacha kila kosa lipite. Mtoto aliyeharibu wenzake aliweza kufukuzwa. Na kwa mtoto anayependwa, alisema, kunyimwa uso mwema kunatosha kuwa adhabu.

Lakini kurasa hazifanyi mwalimu. Mtu aliyelelewa kwa fimbo, mkono wake unaitafuta fimbo bila kuambiwa. Don Bosco alifundisha walimu wake kwa njia nyingine: aliwachukua kati ya vijana wake mwenyewe, kama Mikaeli Rua, akawaweka pamoja na watoto mchana kutwa, katika masomo, mezani, na zaidi uwanjani. Huko kijana mlezi alijifunza majina, akajua nani ana njaa, nani anaanza ugomvi, akaingia kati kabla ya kosa. Desturi hii ingali hai: Msalesiani kijana hukaa miaka kadhaa kazini na watoto kabla ya masomo ya teolojia.

Mwalimu wa kwetu atasema: mimi peke yangu na watoto sitini, nitafanyaje? Ana haki ya kuuliza. Njia hii inadai watu wengi na saa nyingi, na anayeisifu bila kusema hivyo anamdanganya mwalimu. Fimbo ni ya upesi. Ndiyo maana inapendwa.

Don Bosco mwenyewe aliona kazi yake ikilegea. Tarehe 10 Mei 1884 aliandika barua kutoka Roma kwa nyumba yake ya Valdocco. Alieleza kwamba ameona katika ndoto viwanja viwili. Katika kile cha zamani walimu na watoto walikimbia na kucheka pamoja. Katika kile cha siku zile watoto wengine wameegemea nguzo, wamechoka, wananong'ona. Walimu wanazungumza wao kwa wao, au wanatazama kutoka mbali. Hakuwashitaki kwamba hawapendi watoto. Walifanya kazi mpaka kuchoka. Shida ilikuwa kwamba watoto hawakuona tena ya kuwa wanapendwa, na hapo sheria kali zilianza kushika nafasi ya urafiki.

Alikufa tarehe 31 Januari 1888. Mwaka 1911 Wasalesiani walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika nchi ambayo neno kiboko lilikuwa jina la mnyama na la mjeledi pia. Waliokuja walikuwa wamefundishwa kutumia saa ya mapumziko uwanjani, kati ya watoto.