Mashua ya vipande iliyotoka Bagamoyo

Mshikaji wangu mmoja amejinunulia gari la kuunga mwenyewe. Si gari la kupanda jamani, ni la kuweka mezani: injini yenye pistoni zinazopanda na kushuka, giaboksi, usukani unaokata kona, vipande zaidi ya elfu tatu ndani ya vifuko. Alifungua boksi, akapekua kitabu cha maelekezo, akafunga. Juzi akaniuliza, "Hivi hili dude linastahili kuungwa kweli, au nimepigwa?"

Nikamwambia swali hilo Bagamoyo walishalijibu mara mbili karne ya 19, na majibu hayakufanana.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni 1857. Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, pale yalipo magofu, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, kwenda kutafuta maziwa ya bara. Walikuwa na mashua ya chuma ya vipande, jina lake Louisa. Tatizo ni kwamba wapagazi hawakutosha, kwa hiyo ikabidi wachague: vitambaa na shanga, au mashua? Mashua ikaachwa. Ukiwasikiliza siku ile utaona wana hoja. Bila vitambaa hununui chakula njiani, na kila mtemi anataka hongo (neno lilelile, ila zamani ulikuwa ushuru wa kupita, tena wa wazi kabisa).

Februari 1858 wakafika Ujiji, ziwa liko mbele yao, hawana cha kupandia. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuomba jahazi kwa mfanyabiashara Mwarabu ng'ambo ya pili, akapoteza karibu mwezi mzima, akarudi mikono mitupu. Mwishoni wakakodi mitumbwi, wakaishia Uvira. Mto Rusizi, ambao Burton aliuhitaji sana, hawakuuona kwa macho. Waliambiwa tu kwamba unaingia ziwani. Baadaye mwaka huohuo Speke akaliona Ziwa Victoria upande wa Mwanza, akatangaza kwamba Nile inaanzia hapo, bila kulizunguka. Yeye na Burton wakagombana kwa miaka, hadi Speke akafa kwa bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao.

Sasa mara ya pili. Tarehe 17 Novemba 1874, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na watu 356, na safari hii mashua ilikuwemo. Lady Alice, urefu futi 40, ya mbao za mwerezi, iliundwa Teddington, Uingereza, katika vipande vitano. Ilipofika Unguja ikapimwa, vipande vikakutwa vizito kupita kiasi. Ikabidi seremala avikate na kuvipunguza upya. Yaani mteja kaagiza, fundi katengeneza, na hakuna aliyemfikiria mtu wa kubeba!

Waliobeba walikuwa hamali wa mjini Unguja, wenye mabega yaliyozoea magunia. Kila kipande kilipewa watu wanne, wawili wanabeba mzegamzega, wawili wanapumzika, kisha wanapokezana. Stanley mwenyewe ameandika kwamba walilipwa kuliko hata viongozi wa msafara, isipokuwa Manwa Sera aliyekuwa mkuu wao. Walipewa posho mara mbili na kuruhusiwa kwenda na wake zao. Ukiona bosi wa aina ile anatoa masharti kama hayo, ujue kazi si ya kitoto. Siku 103, kama kilomita 1,160, mpaka Kageye kando ya Ziwa Victoria, mwisho wa Februari 1875.

Wakaiunga. Machi 8 ikaingia majini, na katika siku 57 ikalizunguka ziwa zima. Ubishi kwamba huenda lile si ziwa moja bali ni madimbwi kadhaa ukaisha. Mwaka 1876 ikafunguliwa tena, ikabebwa hadi Ujiji, ikalizunguka Ziwa Tanganyika, halafu ikateremka Mto Kongo.

Kwa hesabu hiyo ungesema ilistahili, na mimi nasema hivyo, ila roho haitulii. Kwanza, Rusizi ilishathibitishwa mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi tu, wakisukumwa na wapiga makasia wa kule. Pili, kuna Bumbire. Aprili 1875 watu wa kisiwa hicho waliivuta mashua nchi kavu, wakachukua makasia. Mabaharia wakaisukuma majini, wakang'oa mbao za sakafuni wakapigia kasia. Hapo unawapa heko. Lakini Agosti Stanley alirudi na bunduki, akawamiminia risasi watu wa Bumbire waliosimama ufukweni, wakafa wengi. Mtu asiye na chombo chake mwenyewe hulazimika kuongea na wenyeji. Burton na Speke walibembeleza kwa sababu hawakuwa na mashua.

Na Lady Alice yenyewe? Tarehe 31 Julai 1877, kwenye maporomoko ya Isangila huko Kongo, watu wakiwa na njaa hata kusimama kazi, waliipandisha juu ya miamba wakaiacha hapo, ioze. Wazungu watatu waliotoka na Stanley Bagamoyo walikuwa wameshakufa wote. Agosti msafara ukafika Boma ukiwa na watu zaidi kidogo ya mia moja. Manusura wakarudishwa Unguja kwa meli, kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakashuka Novemba bila mzigo begani.

Mshikaji wangu alisikiliza yote haya, kisha akauliza swali moja tu: ile mashua, walipoiunga Kageye, ilivuja? Jana usiku kanitumia picha. Kafungua kifuko namba moja.