Furaha Iliyolipiwa

Kwa Kiswahili cha Unguja, mahali penye pembea, treni ndogo na farasi wa mbao huitwa kiwanja cha kufurahishia watoto. Jina hilo lafaa kutazamwa. Kufurahi ni tendo la moyo wa mtu mwenyewe. Kufurahisha ni tendo la mtu kwa mwenziwe. Anayefurahishwa hupewa, na hutarajiwa apokee. Basi mtoto aliyepelekwa kufurahishwa, naye asifurahi, huwaje? Swali hili lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita Marekani.

Bustani za burudani ni za zamani. Tivoli ya Copenhagen ilifunguliwa mwaka 1843, na Steeplechase Park ya Coney Island, New York, mwaka 1897. Coney Island ilijaa vijana wa kazi na wachumba wao, waliokwenda kupunga upepo na kucheka siku yao ya mapumziko. Aliyemweka mtoto na mzazi wake katikati ya bustani ni Walt Disney. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa akiwapeleka binti zake wawili Griffith Park, Los Angeles. Wao walipanda farasi wa mbao, naye alikaa benchini akila njugu. Hapo ndipo alipowaza kwamba pajengwe mahali ambapo wazazi na watoto watacheza pamoja.

Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo joto lilikuwa kali, mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha, lami mbichi ilinasa visigino vya wanawake, na wengi waliingia kwa tiketi za kughushi. Wakati huohuo televisheni ya ABC, Ronald Reagan akiwa mmoja wa watangazaji wake, iliionyesha nchi nzima shamrashamra. Tangu siku ya kwanza, waliokuwa nyumbani waliona furaha ambayo wengi waliokuwapo hawakuipata.

Fikra ya Disney ilikuwa njema, ila ilibadili jambo moja. Baba aliyekaa benchini alichoka, lakini mtoto wake alikuwa huru: akipenda alipanda, akichoka alishuka. Baba alipoinuka benchini akatia humo likizo yake nzima, uso wa mtoto ukawa ndio mizani ya safari. Tena likizo yenyewe ni adimu. Hadi leo sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa kampuni binafsi kutoa likizo yenye malipo. Mwenye siku chache huzihesabu kama maskini ahesabuvyo senti.

Malipo nayo yaliongeza uzito. Kuanzia Oktoba 1955 wageni waliuziwa vitabu vya tiketi, kila mchezo na tiketi yake. Mtoto aliyeogopa mchezo mmoja alibaki na tiketi yake mkononi, na hasara ilikuwa ya senti kadhaa. Mwaka 1982 utaratibu huo ulikoma, na kiingilio kimoja kikawa cha siku nzima. Tangu hapo kila saa ya kukaa kivulini ilionekana kama fedha iliyotupwa. Mwaka 2015 kiingilio cha siku moja cha Magic Kingdom, huko Florida, kilivuka dola 100 kwa mtu mzima. Zidisha kwa watu wanne, ongeza nauli, malazi na chakula, kisha mtazame mtoto wa miaka mitano anayelilia kurudi hotelini kuogelea. Ataambiwa kwamba wametoka mbali, kwamba wenziwe wangetamani kuwa yeye, kwamba akaushe machozi wapige picha.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Russell Hochschild alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba tabasamu lao ni kazi wanayolipwa mshahara. Mtoto anayeamrishwa atabasamu mbele ya kasri la Disney naye hufanya kazi hiyo, bila ya mshahara.

Tusiwalaumu wazazi kupita kiasi. Wengi wao huwapa watoto kile walichokikosa wenyewe udogoni, na anayetoa kwa mapenzi huumia anapoona zawadi yake haikupokelewa. Lakini mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyezoezwa kucheka ilhali anaogopa hujifunza kumficha mzazi wake hofu, na ipo siku atakuwa na hofu kubwa kuliko ile ya mchezo wa bustanini. Picha itabaki ukutani, wote wakicheka, na mzazi hatajua ni yupi kati yao aliyekuwa amefurahi. Benchi la Griffith Park halikuwa mahali pabaya pa kukaa.