Hadithi Zetu na Mchezo wa Video: Swali Kutoka Nyamirambo

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali tuliloulizwa darasani Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kimekaa ndani yake kwa takriban miaka mia moja. Tulikuwa tumemaliza kuwasomea wanafunzi wetu habari za Kusadikika, nchi ya Shaaban Robert inayoelea hewani, na tumewadokezea pia Kufikirika na Adili na Nduguze. Kijana mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, mchezo wake uko wapi?" Tukaanza kumweleza habari za tamthilia na jukwaa. Darasa zima likacheka. Kumbe mchezo alioukusudia ni ule wa video, unaochezwa kwa vidole mbele ya kioo, na wenzake walikuwa wamekwisha kuutamani hata wakaanza kugawana nafasi: huyu awe nani, yule awe nani.

Hatuna budi kukiri kwamba tuliona uchungu. Kitabu kilichotoka mwaka 1951, katika Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza, kitabu ambacho wahakiki wengi wamekisoma kama fumbo la utawala ule, leo kiwe kitu cha kubonyezwabonyezwa! Lakini jioni yake, tulipokuwa tukitayarisha somo la Fumo Liyongo, tuliuonea haya uchungu wetu.

Liyongo hakuanza maisha yake kitabuni. Aliimbwa na kuchezewa ngoma ya gungu katika pwani ya Lamu na Pate muda mrefu kabla ya mtu kufikiri kumchapa. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alikitoa kisa chake kwa nathari katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi, na ndio huo tunaoufundisha leo kana kwamba ulishuka pamoja na shujaa mwenyewe. Yamkini walikuwapo wazee waliouliza ngoma ikitiwa katika karatasi itabaki nini. Hayo ni makisio yetu tu, wala hatuna ushahidi.

Mwalimu anayetilia shaka kwamba hadithi zetu zinafaa kuchezwa, na akisome tena kisa cha mkate. Liyongo yumo gerezani, anangoja kuuawa. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi hula kilicho kizuri, wakamwachia makombo. Basi Liyongo anaimba. Walinzi wanasikia wimbo. Saada anasikia maagizo, akampelekea mama. Mama anaoka mkate mzuri kwa ajili ya walinzi, na mkate wa wishwa ambao ndani yake mna tupa. Walinzi wanauchukua ule mzuri, wanaudharau wa wishwa, nao unamfikia mwenyewe. Kisha Liyongo anaomba apigiwe gungu kabla ya kufa, na katika kishindo cha ngoma na siwa anakata minyororo yake, wala hapana asikiaye.

Anayetusikiliza tukisoma huambiwa kwamba walinzi hawakuufahamu wimbo. Mchezaji asingeambiwa. Angewekwa mahali pa Saada, wimbo ukapita masikioni mwake, na kama hakulitambua fumbo angerudi kwa mama mikono mitupu, shujaa akafa gerezani, na mchezo ukaanza upya. Sisi tunaosahihisha madaftari ya ufahamu kila juma, tumepata kubuni zoezi lililo kali kama hilo?

Na Kusadikika je? Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yao, wakatiwa kifungoni. Safari sita, kila moja na nchi yake na hatari zake: vijana wetu waliona mara moja kwamba hizo ni hatua sita za mchezo. Hapo walikuwa wepesi kuliko sisi, ambao kwa miaka mingi tumezifundisha kama orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Hofu yetu iko kwingine. Mtengenezaji mwenye haraka atampa Karama upanga. Karama hana upanga. Ana ulimi, na kwa ulimi huo anajiokoa yeye pamoja na wale sita waliomo gerezani. Mchezo ambao Majivuno anashindwa kwa kupigwa utakuwa na jina la Kusadikika tu, lakini hautakuwa Kusadikika.

Je, jambo hili lawezekana? Nchini Kenya, mwaka 2007, Wesley Kirinya alikwisha kutoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi. Mwezi wa Aprili 2024 ukatoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili yake ni Kenya, aliyeitengeneza akiwa na msiba wa baba yake moyoni. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kuzimu, naye arudishiwe baba yake. Mazungumzo yake yote yaweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Tuliposikia sauti zile tulinyamaza kidogo, maana hatukupata kudhani kwamba chombo kile kingesema nasi.

Wasomaji walio mbali huenda wasione kwa nini jambo hilo lilitugusa. Kiswahili kilifika Kigali pamoja na askari na wafanyabiashara wa zama za Wajerumani, baada ya Richard Kandt kuweka makao yake hapa mwaka 1907. Wenye kukisema walitengwa katika makazi yao wakati wa Wabelgiji, na jina "Mswahili" likapata katika Kinyarwanda maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mwaka 2017 sheria ilikifanya kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda. Sheria ni njema, lakini haikuingia katika vyumba vya michezo vya Nyamirambo. Huko vijana hupigiana kelele kwa Kinyarwanda na Kiswahili wakicheza kandanda, na kioo hakiwajibu kwa yoyote kati ya hizo mbili. Mtoto hujifunza pale, bila mwalimu, lugha ambayo ushindi hutangazwa kwayo.

Tuliwarudishia wanafunzi swali lao, tukawaagiza waandike jinsi mchezo utakavyokuwa. Walileta kurasa nne. Upanga haumo, hilo walilikata wenyewe baada ya mabishano makali. Mchezaji ni Karama, naye hupewa hoja tatu, achague moja kabla Majivuno hajamaliza kusema. Lililowashinda ni adhabu ya anayechagua vibaya. Wengine walitaka aanze upya. Msichana mmoja alikataa, akasema atiwe gerezani pamoja na wale wajumbe, asikilize safari ya mmoja wao, kisha arudishwe barazani na hoja mpya. Kengele ililia kabla hawajapiga kura, na juma hili wanaendelea.