Gari ya kitufe ikikataa kuwaka, uliza historia kwanza

Kuna uongo mtamu ambao watu wa kuuza magari Nairobi hupenda kutupea: ati gari ya kubonyeza kitufe ndio ya kisasa, na ile ya kuzungusha ufunguo ni ya wazee. Wasee, ni kinyume. Kitufe kilitangulia. Kuzungusha ufunguo kulikuja baadaye. Na ukielewa venye vitu hivi vilifuatana, siku gari itakuzimia saa nne usiku hapo Pangani hutakuwa unabonyeza mara arobaini kama mtu anayeita lifti iliyokwama.

Hoja yangu ni hii. Kila hatua katika historia ya kuwasha gari iliacha swali moja ndani ya gari yako. Gari ya leo inauliza maswali manne kimya kimya kabla haijawaka: Kuna umeme? Gari imetulia? Wewe ni mwenyewe? Na uko hapa kweli? Ikikataa, mara nyingi injini haina shida. Kuna swali tu halijajibiwa.

Tuanze mwanzo. Gari za kwanza hazikuwa na kitufe wala ufunguo wa stata. Ulisimama mbele ya gari, ukachomeka hendeli ya chuma kwenye injini, ukazungusha na nguvu zako zote. Land Rover za zamani, zile bado unaona kwa shamba la guka wa mtu, zina tundu kwenye bampa ya mbele. Hapo ndipo hendeli ilikuwa inaingia.

Lakini injini hizo zilikuwa na hasira. Cheche ikiwaka mapema, hendeli ilirudi nyuma ghafla na kuvunja mkono wa anayezungusha. Madereva walifundishwa wasikunje kidole gumba kwenye hendeli, ndio ikigeuka iponyoke bila kuvunja kitu. Fikiria hilo: kabla ufundishwe barabara, unafundishwa jinsi ya kutovunjwa mkono na gari yako mwenyewe.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alichoka na ajali hizi baada ya rafiki yake Byron Carter, naye mtengenezaji wa magari, kufa mwaka wa 1908 kwa sababu ya majeraha ya hendeli. Aliyeleta jibu ni jamaa wa Dayton, Ohio, anaitwa Charles Kettering. Kabla ya magari, Kettering alikuwa ameweka mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabu pesa dukani, akiwa National Cash Register. Hapo alijifunza kitu wengine walikuwa hawajaona: mota ya kazi ya sekunde chache si lazima iwe kubwa. Inaweza kuwa ndogo, ikatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha ikapumzika. Akapeleka wazo hilo kwa gari. Cadillac ya 1912 ikatoka na stata ya umeme.

Hiyo stata ilibadilisha nani anaweza kuendesha. Haikuwa lazima tena uwe na misuli. Hata gari za umeme, ambazo zilikuwa na soko mijini Marekani kwa sababu moja kwamba hazikuhitaji hendeli, zilipoteza sifa yao kubwa. Ford Model T, gari ya mwananchi, ilianza kupata stata ya umeme mwaka wa 1919. Na unajua swichi yake ilikuwa wapi? Sakafuni. Ulikuwa unaikanyaga kwa mguu. Ndio, kitufe, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Swali la kwanza lilizaliwa hapo: kuna umeme? Kettering alitoa kazi kwa mkono wako akaipeleka kwa betri, na betri ikichoka, umekwama. Ukibonyeza na dashibodi haina uhai, ama taa zinafifia na unasikia tik-tik-tik, anza na betri. Fungua boneti, angalia teminali. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au zikicheza ukizishika, hapo kuna shida tayari. Kama betri imeisha, tafuta mtu wa kukujampia: waya nyekundu kutoka chanya hadi chanya, nyeusi kutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri iliyokufa, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kushika moto.

Na usiite vijana wakusukume. Kusukuma kulifaa gari ya gia za mkono, ambapo ukiachilia klachi magurudumu yanazungusha injini. Hizi otomatiki zetu hazina huo mlango. Mtasukuma hadi Thika.

Wenye Aqua na Prius, nyinyi sikilizeni kando. Hiyo betri kubwa ya haibridi haiwezi kuamka bila ile betri ndogo ya kawaida, ya volti 12, kuamsha kompyuta kwanza. Na si lazima iwe mbele. Kwa Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Pia, gari hizi zikiwaka hazipigi kelele. Kama neno READY liko kwenye dashibodi, gari imewaka. Weka gia uende.

Swali la pili lilikuja na otomatiki. Oldsmobile ya 1940 iliuzwa na gia za Hydra-Matic, na sasa gari ingeweza kuondoka bila mtu kukanyaga klachi. Ukiwasha ikiwa kwa gia, inaruka na wewe. Kwa hivyo gari za otomatiki zikawekewa swichi inayozuia stata kama gia iko mahali pa kutembea. Gari ya kitufe imeongeza sharti: lazima ukanyage breki. Ukibonyeza bila breki unapata redio na taa, basi. Wengi wanaosema gari imekufa wako hapa tu.

Kwa hivyo gari imetulia? Hakikisha gia iko P. Kama iko P na bado inakataa, jaribu N huku umekanyaga breki, kwa sababu swichi ya gia huchakaa. Kisha breki yenyewe. Ukiikanyaga mara nyingi injini ikiwa imezima, inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu haufiki mahali pa kubonyeza swichi yake. Kanyaga kwa nguvu zaidi. Halafu mwambie mtu aangalie taa za breki nyuma, ama urudi karibu na ukuta ujionee mwenyewe kwa kioo. Kama haziwaki, huenda ni swichi ya breki au fyuzi yake. Gari haijui umekanyaga. Toyota nyingi zina njia ya dharura: weka handibreki, gia P, bonyeza kitufe mara moja bila breki, kisha kanyaga breki na ushikilie kitufe kwa sekunde 15 hivi. Iko kwenye kitabu cha gari. Shida ni kwamba kitabu chetu mara nyingi kimeandikwa Kijapani.

Sasa ufunguo. Kwa miaka mingi ufunguo ulikuwa unafungua njia ya umeme tu, na stata ilikuwa na kitufe chake au pedali yake kando. Mwaka wa 1949 Chrysler ikaunganisha vitu viwili: zungusha ufunguo, stata inazunguka. Dunia ikapenda. Lakini wezi nao walipenda, kwa sababu ufunguo ulikuwa tu swichi, na swichi unaweza kuiruka kwa kuunganisha waya mbili chini ya usukani. Kila mtu ameona hiyo kwa filamu.

Jibu lilikuwa imobilaiza. Mwaka wa 1986 Chevrolet Corvette ilipewa ufunguo wenye kipande kidogo cha umeme ambacho gari ilikipima kabla ya kukubali. Baadaye kikaja chipu chenye namba ya siri. Mwaka wa 1998 nchi za Ulaya zikafanya imobilaiza kuwa lazima kwa gari mpya. Kuanzia hapo gari ikaacha kuuliza tu kama una chuma kinachotoshea kwa tundu. Ikaanza kuuliza: wewe ni mwenyewe?

Chipu hicho hakihitaji betri. Koili iliyo karibu na swichi inakipa umeme kidogo kupitia hewa, nacho kinajibu na namba yake. Namba ikikataliwa, kompyuta inafunga mafuta au stata. Ukiona taa ya ufunguo au ya gari yenye kufuli inapepesa huku unajaribu kuwasha, shida iko hapa. Kubadilisha stata hakutakusaidia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz wakapeleka mambo mbele na S-Class: ukae na kadi mfukoni, uguse mlango, uwashe bila kuchomeka chochote. Toyota Prius ya 2003 ikapeleka kitufe kwa watu wa kawaida. Hapo swali la nne likaja: uko hapa kweli? Gari inatuma mawimbi yanayofika mita chache tu, rimoti inasikia, inajibu. Lakini ili ijibu kutoka mfukoni, rimoti inahitaji betri yake, ile ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032. Bei yake ni kama ya chapo madondo. Ikiisha, gari ya milioni inakwambia hakuna rimoti, na wewe umeishika mkononi.

Hapa ndipo historia inakuokoa. Kile chipu cha zamani kisichohitaji betri hakikuondoka. Kimelala ndani ya rimoti. Chomoa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake, fungua mlango nao. Ingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe. Kwa Toyota ni upande wenye nembo. Ukisikia mlio au taa ya kitufe ikiwa ya kijani, bonyeza. Gari zingine zina mahali pake maalum pa kuweka rimoti, kwa hivyo tafuta pa gari yako leo, si siku hiyo. Pia toa simu na pawabanki karibu na rimoti. Zinaweza kuvuruga mawimbi. Na kama taa ya kijani inapepesa kwa Toyota, usukani umejifunga. Utikise kushoto na kulia huku ukibonyeza.

Kwa nini nimeandika haya yote? Kwa sababu ya doo. Jamaa yangu anaendesha teksi ya programu, gari ya mtu, analipia kila siku iende isiende. Asubuhi moja ikakataa. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema stata imekufa, akataka kuishusha. Jamaa akampigia dereva mwenzake, akaambiwa agusishe rimoti kwenye kitufe. Ikawaka. Angebaki nyumbani siku nzima, anunue stata mzee ya mtu mwingine, na bado siku ya pili ikatae. Sisemi mafundi ni wezi. Wengi walijifunza gari kwa stata na waya, na kwa gari ya waya wako sawa kabisa. Shida ni kwamba gari iliongeza maswali mawili na hakuna aliyewaita darasani.

Na sisi tunapata gari hizi zikiwa tayari na umri. Sheria yetu inaruhusu gari iliyotumika ya miaka isiyozidi 8, kwa hivyo wengi wananunua ya miaka sita au saba. Betri ya rimoti ni ya mtu wa Japani ambaye hujawahi kumwona. Rimoti mara nyingi ni moja tu, na ikipotea kutengeneza nyingine si mchezo. Ukinunua, uliza kuhusu rimoti ya pili kabla ya kuuliza kuhusu rimu.

Watu husema teknolojia imerahisisha kila kitu. Mimi naona imehamisha ugumu. Zamani ugumu ulikuwa mkononi na kila mtu aliuona. Mtu akivunjika, mtaa mzima ulijua ni hendeli. Sasa ugumu umefichwa nyuma ya kitufe kizuri, na ukishindwa unaona ni kama wewe ndiye mjinga, unalipa yeyote anayeongea kwa ujasiri. Sitaki turudi kwa hendeli. Nataka mwenye gari ajue gari yake inamuuliza nini.

Kwa hivyo ikikataa, fuata foleni ya historia. Taa ziko? Hiyo ni 1912. Gia P na breki imekanyagwa? Hiyo ni 1940. Taa ya imobilaiza inapepesa? 1998. Rimoti inasikika? Gusisha kwenye kitufe. Ukimaliza hizo nne na bado iko kimya, ita fundi, na umwambie umeshaangalia nini. Hata bei yake itabadilika akisikia unajua.